Robine Inayovuja na Amani ya Majirani

Katika nyumba nyingi za miji yetu iko robine isiyofungika sawasawa. Mwenye nyumba huifunga kwa nguvu jioni, na usiku hulala akisikia matone. Kesho yake huifunga kwa nguvu zaidi. Baada ya majuma machache huizungushia kitambaa, au kipande cha mpira wa baiskeli. Akiulizwa husema, "Twangoja fundi." Lakini fundi haji, au akija hutaja feza ambayo nyumbani haipo, na maji yaendelea kumwagika.

Leo twapenda kuzungumza na baba na mama wa jamaa juu ya ugonjwa huo mdogo wa nyumba. Dawa yake ni rahisi, na mtu yeyote mwenye mikono miwili na uvumilivu aweza kuitumia. Tena tumeona kwa macho yetu kwamba madhara yake hufika mbali kuliko maji yenyewe.

Sisi twafundisha shule Uvira, kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa Tanganyika. Mgeni akifika kwetu hushangaa kusikia watu wakilalamika juu ya maji. Ziwa liko mbele ya mlango, lenye kina cha mita 1,470, na milima iko nyuma, nayo yateremsha mito. Lakini maji ya kutazama si maji ya kunywa. Maji ya kunywa ni yale yaliyosafishwa, yanayoletwa katika mabomba ya Regideso, shirika lililoanzishwa mwaka 1939 kwa kazi hiyo ya kugawa maji mijini. Maji hayo hayafiki kila nyumba, wala hayaji kila saa.

Katika kiwanja tunachokaa tuko jamaa nne, watu 25 kwa jumla, wakubwa na watoto. Robine ni moja, imesimama katikati ya uwanja. Kipimo cha maji ni kimoja, na karatasi ya kulipa ni moja. Kwa kuwa sisi ni mwalimu, majirani walitukabidhi daftari la maji. Kila mwisho wa mwezi twagawanya deni kwa kadiri ya watu wa kila nyumba, kila mmoja huleta sehemu yake, na mambo huishia hapo. Miaka mingi tuliishi hivyo pasipo ugomvi.

Mwaka mmoja deni lilianza kupanda. Mwezi wa nne kipimo kilionyesha mita za ujazo 15. Mwezi wa tano kilionyesha 17, na mwezi wa sita 20. Watu hawakuongezeka kiwanjani, wala hapakuwa na arusi wala kilio cha kuleta wageni. Basi kila mtu akaanza kumtazama mwenzake.

Katika nyumba ya nne alikaa mama mjane pamoja na mjukuu wake. Mama huyo hupika mikate ya mafuta na kuiuza asubuhi njiani, na kwa kazi hiyo huhitaji maji kuliko wengine. Hakuna aliyemtaja jina mwanzoni. Lakini siku ya kukusanya feza, baba mmoja, mtu wa safari za lori, alisema mbele ya wote: "Mwalimu, andika katika daftari kwamba wengine hapa wafanya biashara kwa maji yetu. Yafaa alipe anayeuza."

Yule mama hakupaza sauti. Aliweka sehemu yake juu ya meza, akatuambia: "Mwalimu wangu, hii ndiyo feza ya mwisho. Toka kesho mimi sichoti tena hapa. Ziwa halina daftari." Akatoka.

Hivyo tangu kesho yake mjukuu wake, kijana wa miaka tisa, alishika bidoni akaenda ziwani.

Yafaa wasomaji wa mbali wafahamu maana ya neno hilo kwetu. Kipindupindu ni ugonjwa ukaao Uvira. Hauji kama mgeni, bali hurudi kama mpangaji. Mwaka 2015 wachunguzi wa chuo cha elimu ya usafi na magonjwa ya nchi za joto cha London, pamoja na wenzao, walitangaza kazi waliyoifanya katika mji wetu. Walilinganisha siku za kukosa maji ya bomba na hesabu ya wagonjwa waliopokelewa kwa kudhaniwa kuwa na kipindupindu, tangu mwaka 2009 hadi 2014. Waliona kwamba siku moja ya kukosa maji ya bomba iliongeza wagonjwa kwa asilimia 155 katika siku 12 zilizofuata. Waliona tena kwamba asilimia 23 ya wagonjwa wote, yaani karibu mmoja katika kila wanne, walitokana na kukatika kwa maji. Sababu yafahamika na kila mzazi. Bomba likikauka, watu hurudi ziwani na mitoni.

Basi hapa kwetu bomba halikukauka. Maji yalikuwapo. Ila mtoto mmoja alifukuzwa kwayo kwa neno la watu wakubwa.

Siku ya tisa kijana yule aliamka akiharisha na kutapika, macho yameingia ndani. Alichukuliwa mbio hadi mahali pa kutunzia wagonjwa wa namna hiyo, akapewa maji ya chumvi na sukari kwa kinywa, na mengine katika mshipa. Twashukuru kwamba alipona, akarudi nyumbani siku ya nne, mwembamba kama fito. Hatuwezi kuapa kwamba ni ziwa lililomwuguza. Lakini kiwanja kizima kilinyamaza, na yule baba wa lori hakula chakula chake jioni ile.

Sasa tutazame robine. Kila mtu kiwanjani alijua kwamba yavuja. Mchana ndoo iliwekwa chini yake, na mama wa kwanza kupita aliichukua. Lakini miezi ile maji yenye nguvu yalikuja usiku, kwa muda wa saa 10 hivi, watu wakiwa wamelala, nayo yalikwenda mferejini. Yalikuwa uzi mwembamba tu. Hakuna aliyeuogopa uzi.

Binti yetu wa kwanza, aliyekuwa akijifunza hesabu za vipimo, alipewa kazi. Aliweka chini ya robine iliyofungwa chupa ya lita moja, akashika saa. Chupa ilijaa kwa dakika 4. Akaandika: kwa saa moja, lita 15. Kwa saa 10 za usiku, lita 150. Kwa siku 30, lita 4,500, yaani bidoni 225 za lita 20. Katika kipimo ni mita za ujazo nne na nusu. Deni letu lilikuwa limepanda kwa mita tano. Mwizi alionekana, naye hakuwa mama wa mikate.

Haba na haba hujaza kibaba, wasema wazee. Neno hilo lina upande wa pili, kwa maana haba na haba humwaga pipa pia. Twawasihi wasomaji wafanye hesabu hiyo nyumbani kwao kabla ya kumshitaki mtu yeyote. Yataka chupa moja, saa moja, na mtoto anayejua kuzidisha.

Je, robine huvujaje? Yafaa tueleze, kwani mtu haogopi kitu anachokifahamu. Robine ya kawaida ya kuzungusha si kitu kigeni. Kiwanda cha Guest & Chrimes, katika mji wa Rotherham huko Uingereza, ndicho kilichoitengeneza mwaka 1845, na umbo lake la ndani halikubadilika sana. Ndani yake mna tundu la mviringo ambamo maji hupanda, na ukingo wa tundu hilo ndio kikao. Juu yake mna mti mfupi wa shaba wenye hesi. Unapozungusha mkono wa robine kuifunga, mti huteremka. Kwenye ncha yake pamefungwa kipete cha mpira, kipana kama kifungo cha koti. Kipete hukalia kikao, huziba tundu, na maji husimama.

Kazi yote, basi, hufanywa na kipete. Shaba haiwezi kuziba shaba pasipo kuacha nafasi ndogo, bali mpira hulegea ukajaza. Lakini mpira huzeeka. Hukandamizwa maelfu ya mara, hukauka, hupasuka, na mchanga uliomo majini huukwaruza. Hapo maji hupata njia. Mtu asiyefahamu huongeza nguvu ya mkono, na nguvu hiyo huukata mpira zaidi, huila hesi, na mwisho huharibu hata kikao. Hivyo kitu cha feza kidogo huleta hasara ya robine nzima.

Mpira huo una habari yake pia, nayo yatuhusu watu wa Kongo kuliko wengi. Mmarekani Charles Goodyear alipata hati ya kazi yake mwaka 1844, kazi ya kuutia mpira kiberiti na moto ili usiyeyuke kwa joto wala kuvunjika kwa baridi. Tangu hapo mpira uliingia katika mashini na mabomba, na baada ya mwaka 1888, Dunlop alipotengeneza gurudumu la upepo, ulimwengu wote uliutaka. Katika miaka ya Dola Huru ya Kongo, tangu 1885 hadi 1908, watu wa misitu yetu walilazimishwa kuutafuta katika mitambaa ya porini. Wengi waliuawa, na wengine walikatwa mikono. Siku hizi vipete vingi hutengenezwa kwa mpira wa viwandani, usiotoka katika mti wala mtambaa. Hata hivyo twaona si vema kwa mjukuu wa watu wale kusema kwamba kipande cha mpira ni siri ya wengine.

Sasa kazi yenyewe. Tutaieleza kama tulivyoifanya, siku ya posho, watoto wakitazama.

Kwanza, funga maji. Karibu na kipimo huwa pana robine nyingine ya kuzuia maji yote. Ikiwa hukujua ilipo, itafute leo, kabla ya siku ya haja. Kisha fungua robine mbovu mpaka maji yaliyobaki ndani yaishe. Kama chini yake pana tundu la kutolea maji, liziba kwa kitambaa, ili vipande vidogo visianguke ndani.

Pili, toa mkono wa robine. Mara nyingi umeshikwa na parafujo moja juu, iliyofichwa na kifuniko kidogo. Chini yake utaona kichwa cha robine chenye pembe sita. Tia kitambaa, kisha kishike kwa ufunguo wa fundi, ule wenye mdomo unaopanuka. Mkono wako wa pili na ushike mwili wa robine kwa nguvu. Jambo hili ni kubwa: asiyeshika mwili wa robine hulipinda bomba lenyewe ukutani, na hapo ndipo huanza taabu ya kweli.

Tatu, kichwa kikitoka, utaona kipete kwenye ncha ya mti, kimeshikwa na nati ndogo au parafujo. Chetu kilikuwa kigumu kama kwato, chenye mfereji mzunguko mzima, na upande mmoja umeliwa. Usiende sokoni na kukisema kwa maneno. Kichukue mkononi, kwa sababu vipete vina ukubwa mbalimbali, na kinachokaribia kufaa hakifai. Nunua viwili au vitatu, uviweke akiba.

Nne, kabla ya kutia kipya, futa kikao na ukipapase kwa kidole. Kikiwa laini, vema. Kikiwa na mikwaruzo na vishimo, kipete kipya kitaliwa upesi, na hapo yafaa kumwita fundi mwenye chombo cha kukisawazisha, au kubadili robine. Tia kipete, kaza nati yake, zungusha mti mpaka upande juu kabisa, ndipo urudishe kichwa mahali pake. Ukikirudisha mti ukiwa chini, utaukandamiza mpira mpya kabla haujafanya kazi. Kaza kwa kiasi, usikaze kwa hasira.

Tano, fungua maji polepole, uyaache yatoke kidogo ili takataka zitoke, kisha funga robine kwa vidole tu. Robine nzima hufungwa kwa vidole vya mtoto. Ikihitaji mkono wa mwanamume, yataka matengenezo.

Neno moja zaidi. Kama maji hayatoki mdomoni mwa robine bali hutoka juu, kuzunguka mti, kipete hakina kosa. Hapo ni ile kamba ya kuziba iliyozunguka mti ndiyo iliyochakaa. Kaza kidogo nati iliyo juu yake. Ikiwa haitoshi, zungusha uzi mpya uliopakwa mafuta. Na robine za namna mpya, zile za kufunguliwa kwa robo ya mzunguko, hazina kipete cha mpira kwenye mti. Ndani yake mna visahani viwili vigumu vinavyotelezana. Hizo hubadilishwa kichwa kizima.

Kazi yetu ilichukua muda usiozidi saa moja, pamoja na safari ya sokoni. Kipete kiligharimu chini ya mikate miwili ya yule mama. Usiku ule tuliweka tena chupa chini ya robine, na asubuhi binti yetu aliikuta kavu.

Jioni majirani walikutana. Tulisoma daftari, kisha hesabu ya mtoto, kisha tukakiweka kipete cha zamani juu ya meza. Yule baba wa lori alikishika, akakigeuza mara nyingi. Halafu aliinuka, akaenda hadi mlango wa nyumba ya nne. Alisema maneno machache. Yule mama alimsikiliza akiwa amesimama, akajibu: "Baba, nimesikia. Mtoto yu hai. Kesho tutachota." Hakusema amesahau, na hakuna aliyemwomba aseme hivyo. Siku hizi huchota nasi, naye huweka sehemu yake mezani kabla ya wengine. Tumeona kwamba huhesabu feza yake mara mbili mbele yetu, jambo asilolifanya zamani. Mpira ulipata kubadilishwa kwa saa moja. Neno lililotamkwa halina duka.

Kwa hiyo twawaambia wazazi wenzetu mambo mawili. La kwanza lahusu mikono. Wako watu waliosoma wanaodhani kwamba kalamu imewakataza kushika ufunguo wa fundi. Walipita wengine siku ile, wakacheka kumwona mwalimu amepiga magoti matopeni. Sisi hatukuona haya. Seminarini tulifundishwa kulima, kupiga rangi na kutengeneza viti vya darasa, mchana baada ya masomo, na hakuna Kilatini kilichopotea kwa ajili hiyo. Wala hatumdharau fundi, kwani kazi za bomba lililo ukutani na chini ya ardhi ni zake, naye astahili ujira wake. Lakini kipete cha robine si haki kumngojea miezi mitatu. Wafundisheni watoto kazi hiyo, wavulana na wasichana pia, maana ndio wachotao maji.

La pili lahusu ulimi. Kitu kikipungua nyumbani, maji au mafuta au feza, hesabu kwanza. Angalia bomba, angalia mtungi, angalia daftari. Kisha, kama bado pana haja, useme. Aliye dhaifu kiwanjani, mjane, mpangaji mpya, mtoto wa ndugu, ndiye atakayetajwa wa kwanza, kwa kuwa hana wa kumtetea. Akiondoka na bidoni yake, hatujui aendako wala atakachorudi nacho.

Usiku wa leo, watu wakiisha kulala, tokeni nje mkasikilize robine yenu.